Jibu: Mteja anarudisha picha za skrini zisizo na namba

Jambo kaka. Kama nimekuelewa, mteja wako, bibi harusi wa Bukavu, alipokea picha 600 za harusi kwa WhatsApp ili achague anazotaka, sasa anakurudishia picha za skrini za alizochagua na hujui ni faili zipi. Angalia kwanza ulivyotuma: picha ya kawaida hupoteza jina la faili, ikitumwa kama dokumenti jina linabaki. Ila 600 zinamchosha yeyote! Ondoa za macho yaliyofumba na zinazofanana, bakiza 150. Zitoe upya kwa pikseli 1500 upande mrefu, ili mega zake za intaneti zisiishe, na jina kama DSC_0412 liandikwe pembeni chini. Hapo hata picha ya skrini itakuonyesha namba. Aanze kuchagua za familia, maana wakwe hawasahau nani aliachwa nje ya picha. Faili za asili usizibadili majina mpaka amalize.