Mikono miwili ya kushoto

Wadogo zangu mnaoanza cherehani hapa Kisumu, nina kisa ambacho huwa sikisimulii wateja wakiwepo.

Mwaka 2014 nilikuwa mwanagenzi kwa fundi mmoja karibu na soko la Kibuye. Nikaachiwa kitenge cha mama fulani, gauni la harusi, la kuchukuliwa Ijumaa. Nilikata mikono huku akili iko kwenye simu. Mkono wa gauni una mbele na nyuma: upande wa mbele, pale kwapani, huchimbwa zaidi kidogo ndiyo bega likae. Ukikunja kitambaa uso kwa uso ukakata mara moja, unapata wa kulia na wa kushoto. Mimi nilikitandaza uso juu, nikakata mmoja, nikasogeza patani, ile karatasi ya kufuatisha umbo, nikakata wa pili vilevile. Mikono miwili ya kushoto! Na niligundua nikiwa nishashona.

Ijumaa mama akaja. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, stima imepotea siku mbili."

Akaniangalia. Kisha akaangalia miguu yangu, iliyokuwa juu ya pedali.

"Nyathina," yaani mwanangu, akasema, "hii cherehani inakula stima kupitia wapi?"

Usiku nilikaa nikijiuliza uongo ule ulinijia vipi upesi hivyo. Ni mazoea. Miezi minane nilikuwa naimba kwamba fundi hanifundishi, kazi yangu ni pindo na vifungo. Ni kweli alinipa pindo na vifungo. Ila hata siku moja sikuwahi kubaki nusu saa akifunga duka, nimuulize anavyopima kifua cha mteja mnene. Saa kumi na moja jioni mimi nilikuwa wa kwanza kuvaa viatu.

Bahati yangu harusi ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jumapili, soko la Kibuye likiwa limefurika, nilinunua kitenge kingine kwa pesa yangu. Rangi zilikaribiana, maua yalikataa. Nikashona mikono upya na kuongeza ukanda wa kitambaa hichohicho shingoni ili ionekane ni mtindo. Mama alilichukua, akashukuru, na hakurudi tena kwetu. Simlaumu.

Tangu hapo nikawa na daftari. Kila kazi ikiharibika naandika imeharibika wapi, na pembeni mimi nilifanya nini. Sio fundi, sio mteja, sio stima. Kuna siku huo upande wa pembeni unabaki mtupu, kwa sababu si kila kitu ni kosa lako. Mtoto akiugua, au mvua ikizamisha mtaa wa Nyalenda usiweze kutoka, hujazembea. Wale wanaowaambia maskini kwamba ni wavivu tu, mimi siwasikilizi. Lakini daftari langu lilikuwa na siku chache sana za namna hiyo.

"Nataka kuwa fundi mkubwa" ni maneno mazuri, ila Jumanne asubuhi hayakuambii ushike nini. Mimi niliamua zipu. Zipu tatu kila jioni kwenye vipande vya mitumba, natia, nafumua, natia tena, mpaka fundi mwenyewe akaanza kunipa sketi. Kwa cherehani yangu niliweka shilingi 50 kila siku ya kazi, siku sita kwa wiki, kwenye akiba iliyofungwa ya simu nisiweze kuichezea. Baada ya miezi 14 nilikuwa nimevuka 17,000, nikanunua ya miguu, kuukuu, yenye mkanda uliolegea. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya serikali ya mafunzo ya viwandani, nao hakuna aliyenisukuma. Unaanza gredi ya tatu, unapanda ya pili, halafu ya kwanza. Nilienda mwenyewe kuuliza siku ya kujiandikisha, na mara ya kwanza nilikuta nimechelewa. Daftarini niliandika: sikuuliza mapema.

Jumatatu mkija, kila mtu aje na tepu yake, chaki, daftari na mkasi. Mkasi wa kitambaa haukati karatasi, unakufa makali. Wangu siuazimi mtu, na msiniambie wenu umepotea kwenye matatu.