Nianze na lipi katika kujirekebisha?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni dereva wa tuktuk hapa Majengo, Mombasa, nimeshagonga miaka arobaini. Kila Muharram, mwezi wa kwanza wa mwaka wa Kiislamu, ikiandama huandika orodha: tahajud (swala ya usiku), khatma (kuimaliza Qur'ani yote) kila mwezi, funga za Jumatatu na Alhamisi. Mwezi hauishi, yote yameanguka. Usiku nakaa barazani na wenzangu hadi saa saba, Alfajiri inanipita. Je, nikichagua jambo moja dogo litafaa? Lipi? Na niweke nadhiri nisirudi nyuma?

JAWABU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Kujihisabu kwako kuna asili. Surat al-Hashr, aya ya 18, inaiamrisha kila nafsi itazame imetanguliza nini kwa ajili ya kesho, na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (r.a.): "Jihisabuni kabla hamjahisabiwa."

Ila nimeisoma orodha yako. Wanavyuoni wameifananisha faradhi na rasilmali, na sunna na faida. Wewe umeandika faida tupu, na Alfajiri, ambayo ndiyo inayovuja, haimo!

Jambo dogo linafaa. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kwamba amali aipendayo zaidi Allah ni ile inayodumu, japo ni chache. Lakini hilo ni katika sunna. Usilifahamu kuwa mtu anaweza kuswali faradhi tatu mwaka huu, ya nne mwakani. Kwa hivyo, dogo lako na liwe lile linaloishika faradhi, nalo umelitaja mwenyewe: baraza.

Abu Barza (r.a.) amesimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake. Wanavyuoni wamevua katika karaha hiyo mazungumzo ya elimu, ya mgeni, na ya mtu na ahali yake. Sijaona aliyevua mpira wa Uingereza. Basi saa nne ikifika, inuka, hata kama kahawa ndiyo kwanza imemiminwa. Watakutania siku za mwanzo, waache. Hukutaja muguka, majani yale ya kutafuna, nami sikudhanii, lakini kama upo shavuni hutapata usingizi hata ukiondoka saa mbili.

Ukipitiwa na usingizi, swali papo hapo uamkapo. Wako wanaoiweka Alfajiri mpaka waiswali pamoja na Adhuhuri, na hilo si sawa: Mtume (s.a.w.) amesema aliyelala au kusahau aiswali anapoikumbuka.

Nadhiri usiweke. Katika hadithi ya Ibn Umar (r.a.) Mtume ameikataza, akasema haizuii kitu. Na ukinadhiri jambo la twaa, yaani la kumtii Allah, limekuwa wajibu juu yako. Utakuwa umejiongezea deni na la kwanza hujalilipa.

Alfajiri ikishakaa sawa, ongeza witri, swala ya sunna ya rakaa zisizogawika kwa mbili, kabla ya kulala, kama Mtume alivyomuusia Abu Hurayra (r.a.). Hata rakaa moja yatosha. Khatma na tahajud ziweke kando kwa sasa.

Wallahu aalam.