Igeuzeni Frullania kabla ya kuipa jina

Vijana wangu mnaoanza kazi ya briofaiti (mimea midogo isiyo na maua, livawoti ikiwemo), bahasha zenu za sampuli za msitu wa Ngezi, Pemba, zimefika, na nyingi zimeandikwa "livawoti, juu ya mti". Mti gani? Mwembe, mkarafuu? Shinani au tawini, juani au kivulini? Nani atarudi Konde, karibu na msitu huo, kuuliza?

1. Bahasha iwe ya karatasi. Kwenye plastiki, kwa unyevu wetu huu, sampuli huota ukungu.

2. Geuzeni mmea. Ukitazama juu tu, Frullania, jenasi ya livawoti, ni vijitawi vya kahawia nyekundu vilivyoganda kwenye gome, basi. Utambulisho uko tumboni: safu ya majani madogo ya chini, mara nyingi yamepasuka ncha mbili, na kando yake lobuli, sehemu ya jani iliyojikunja ikawa kofia ya kushika maji. Lobuli imeshikwa mahali padogo mno, kwa hiyo sindano polepole jamani, zinang'oka.

3. Msiamini tawi moja. Hili nalisema kwa uchungu. Niliwahi kupewa sampuli ya kivulini, nikachomoa tawi la pembeni. Lobuli zote zilikuwa zimekunjuka bapa, kofia hakuna hata moja. Nikaandika jenasi nyengine, nikafunga bahasha. Mwenzangu akaliamini jina langu, akaliingiza kwenye orodha yake, na orodha ikasambaa. Siku alipoilowesha upya sampuli ile na kutafuta tawi la katikati, kofia zilikuwa zimejipanga wazi kabisa. Penye unyevu mwingi lobuli za Frullania mara nyingi hubaki bapa. Nilikuwa nalijua hilo, ila nilikuwa na haraka. Aliyeandika barua za kuomba radhi ni yeye, si mimi, na hakuwa na kosa lolote. Mpaka leo linaniuma. Basi chukueni matawi kila upande wa sampuli, ya zamani na machanga, hata kama slaidi zitawachosha.

4. Matone ya mafuta ndani ya seli yatazameni sampuli ikiwa mbichi, na myachore papo hapo, ikikauka hupotea. Seli zenye rangi zilizopangana mstari kwenye jani si uchafu, msizifute kwenye mchoro, baadhi ya spishi hutambulikana kwazo.

5. Nawieni mikono. Frullania ina kemikali zinazowatoa vipele baadhi ya watu, na wakataji magogo wa Ulaya na Kanada wanaijua adha yake. Mwenye ngozi nyepesi aniambie mapema, nimpe glavu.