Re: King'ora kinalia usiku sababu ya paka na mbwa, nifanyeje?

Mkuu, kwa nyumba ya Isamilo, Mwanza, yenye paka wawili na mbwa analala sebuleni, hicho king'ora cha wezi kulia kila usiku wala usishangae. Hizo sensa za kawaida, yaani vile vifaa vya ukutani vinavyohisi mtu akipita, zinaitwa PIR, hazioni picha, zinashika joto linalotembea, na paka ana joto kama wewe tu. Zipo zinazovumilia wanyama, nyingi zinaandikwa hadi kilo 18 au 25 hivi, ila sensa haina mizani bana, inakadiria kwa ukubwa wa joto na mahali lilipo, kwahiyo fundi aifunge kwa urefu ulioandikwa kwenye karatasi yake, mara nyingi mita 2 na kitu, asiiinamishe, na isitazame sofa, kabati wala ngazi maana paka akishapanda juu anakuwa usawa wa kifua cha mtu na hapo kazi imeisha. Mbwa akiwa jitu la kilo 40, sahau kabisa.

Mimi ningeweka sumaku za milango na madirisha, hizo hazijali nani anazunguka ndani, zinalia mlango ukifunguliwa tu, halafu usiku mkilala mnazima sensa za sebuleni mnaacha sumaku peke yake. Dirisha la kioo ongeza sensa ya kioo kuvunjika, sababu mwizi akivunja bila kufungua sumaku haisemi kitu.

Na huku kwetu ziwani wadudu wakijaa na mijusi ikiwafuata, futa uso wa hiyo PIR, mjusi akitembea juu yake nayo inalia.