Gonga bawa kwanza, programu baadaye

Juzi kijana mmoja wa Katuba aliniandikia: "Yaya, ndege yangu isiyo na rubani, niliyoijenga mwenyewe, ina mabawa ya mita 2. Ikienda polepole inatulia, nikiongeza mwendo inatetemeka kama mtu mwenye malaria. Nimeongeza nguvu ya usukani kwenye programu, ikazidi. Niongeze tena?"

Usiongeze, mdogo wangu. Nakusihi. Mimi niliongeza, na sijasahau.

Nilikuwa katika maabara ya chuo kimoja hapa Lubumbashi, watu watano na ndege moja yenye mabawa ya mita 2.6, frigoliti, lile povu gumu jeupe na jepesi, iliyovishwa nyuzi za kioo, na ufito mmoja wa kaboni ndani. Kihisi chake, kifaa kinachoiambia kompyuta ndege inavyoinama na kutikisika, kilitoka Dar es Salaam kikalala mpakani Kasumbalesa wiki tatu. Mabawa tuliyafanya marefu na membamba makusudi, kwa sababu bawa la namna hiyo hutumia betri kidogo. Lakini bawa refu jembamba hunepa, na hapo ndipo kisa kinapoanzia.

Kompyuta ya usukani hudhani ndege ni kitu kigumu kama rungu. Kihisi kiko tumboni mwa ndege. Mabawa yakipunga juu na chini, tumbo nalo huchezacheza, kompyuta ikaamini kwamba pua imepanda. Inaamuru vibawa vya nyuma visukume, vibawa vinalisukuma bawa, bawa linapunga zaidi, kihisi kinapiga kelele zaidi. Ukiongeza nguvu ya usukani hapo unatia kuni motoni.

Baba yangu alikuwa fundi wa reli. Kila gurudumu aliligonga kwa nyundo, akainamisha kichwa na kusikiliza. Gurudumu lenye ufa halilii kama lenzake. Kwa hiyo nilipendekeza tuitundike ndege, tuigonge, tujue mabawa yanapunga mara ngapi kwa sekunde. Mkuu wetu alinijibu mbele ya wote: "Kugonga ni kazi ya gereji. Sisi tunaandika programu." Nikanyamaza. Kunyamaza kule ndiko ninakojutia kuliko yote.

Mwezi wa nane tukaenda kurusha upande wa Kasapa, asubuhi, nyasi zimechomwa zote. Mizunguko miwili ikaenda vizuri. Wa tatu tukaongeza mwendo, nikasikia sauti kama bendera katika upepo mkali. Ncha ya bawa la kulia ilikuwa haionekani tena, imekuwa ukungu. Halafu bawa likakatika shinani. Sidhani zilipita sekunde mbili.

Ripoti ilisema chanzo ni gundi mbovu. Gundi niliipaka mimi. Miaka imepita, na bado nikiona kopo la gundi ile dukani moyo unanidunda.

Wakubwa pia hili limewapata. Tarehe 26 Juni 2003, karibu na kisiwa cha Kauai huko Hawaii, Helios, ndege isiyo na rubani ya NASA, shirika la anga la Marekani, yenye mabawa ya mita 75, iliingia katika hewa yenye misukosuko. Mabawa yakapinda juu kama upinde wala hayakurudi, pua ikaanza kupanda na kushuka, kila safari zaidi ya ile iliyotangulia, mwendo ukapita kiasi, ikavunjika juu ya bahari. Hawakuacha mabawa laini kwa sababu hiyo. X-56A, ndege nyingine ya majaribio isiyo na rubani, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 2013, ilijengwa makusudi ili mabawa yake yaweze kupapatika, wajifunze kuyatuliza kwa usukani. Hata hiyo waliitikisa ikiwa chini kwanza.

Mimi nililijenga bawa upya nyumbani. Nikalining'iniza kwenye tawi la mwembe kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, ili liwe kama liko hewani. Nikabandika kihisi, nikaligonga kwa mwiko wa bukari, yaani ugali, niliouviringishia kitambaa. Kupunga: mara 5 kwa sekunde. Kujisokota: mara 14. Kisha nikaenda gereji, naam, gereji, nikaomba risasi, vile vipande vya madini mazito vya kusawazishia magurudumu ya gari. Gramu 30 kwenye ukingo wa mbele, karibu na kila ncha. Uzito ukisogea mbele, kupunga na kujisokota haviendi tena pamoja, na upepo unakosa pa kuvilisha. Kwenye programu nikaweka kichujio kisichosikiliza ile mara 5. Usikikaze mno: kichujio huchelewesha usukani, na hewani namba huhama kadiri mwendo unavyopanda, kwa hiyo ongeza mwendo kidogokidogo ukiangalia vipimo. Ndege ile imepita mwendo uliovunja ya kwanza, tena mara nyingi.

Wadogo zangu, ninyi mnaotaka kujenga ndege katika nchi hii, pimeni. Pimeni kabla ya kuandika, na mkishaandika pimeni tena. Mnapenda kompyuta kwa kuwa haichafui mikono. Na mkubwa akiwaambia kugonga ni kazi ya gereji, msinyamaze kama mimi. Ukinyamaza, gundi itakuwa yako.

Wewe wa Katuba, usiirushe tena kwanza. Njoo nayo Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Mwiko ninao. Lete mipira ya baiskeli, yangu imelegea, na ukipita gereji omba risasi, gramu 60 zitatosha kuanzia.