Naiacha iwake, ila muulizeni shangazi

Mhariri, swali lenu la wiki linasema: "Ukienda kulala, kompyuta unaizima au unaiacha ikiwaka?" Mimi naiacha. Ningeishia hapo, lakini swali limenigusa pabaya kwa sababu mmemsahau mtu mmoja. Mmemuuliza mwenye kompyuta. Hamkumuuliza anayelala nyumba moja na hiyo kompyuta, na huyo ndiye mwamuzi, tena huamua saa kumi usiku wewe ukiwa unakoroma.

Maana nani huiacha laptopu ikeshe kwa raha zake? Tunaiacha kwa sababu ya bando la usiku. GB unazopewa usiku wa manane, tuseme kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja alfajiri, mchana kwa bei ileile huzipati. Kwa hiyo hapa tunazungumzia kushusha mafaili, tusizungushane.

Mwaka 2016 nilikuwa nimefikia kwa shangazi yangu, Tabata. Nalala sebuleni, godoro chini, kamba moja ya chandarua kwenye msumari wa saa ya ukutani na nyingine kwenye nondo ya dirisha. Microsoft walikuwa wametoa mwaka mzima, kuanzia Julai 29, 2015, kwa mwenye Windows 7 au 8.1 kuhamia Windows 10 bila kulipa. Mwaka mzima! Mimi, mtoto wa nchi hii, nikasubiri usiku wa mwisho, wa kuamkia Ijumaa, Julai 29. Nikanunua bando, nikawasha hotspoti, simu nikaipandisha juu ya stuli karibu na dirisha ambako mtandao ulikuwa na nafuu. Faili la hiyo Windows 10 lilizidi GB 3.

Mipangilio niliigusa, tena kwa majivuno: laptopu ikiwa kwenye umeme isilale kamwe. Kioo nacho nikakiacha kiwake, nilitaka kila nikifumbua jicho nione asilimia. Saa tisa niliiona 71. Nikageukia ukutani, roho kwatu.

Lakini mwanga wa kioo gizani hauna siri. Unapiga dari, unapenya matundu ya hewa juu ya mlango, unamfuata mtu chumbani kwake. Saa kumi kasoro shangazi aliamka kuswali, akakuta lidude linawaka na mwenyewe kajifia usingizi. Akalifanyia kile alichoifanyia televisheni na taa ya nje miaka yote: akalifunga. Kisha kwa huruma yake akachukua kanga, akalifunika lisiingie vumbi.

Niliamka nikaiona ile kanga, ya njano. Pembeni chini ya kitambaa kitaa kidogo kinawaka na kufifia, kinawaka na kufifia, kama kifua cha mtu aliyelala fofofo. Nikafunua. Kioo kikarudi na asilimia 91, kikakaa kidogo kama kinachojaribu kukumbuka jambo, halafu ukatoka ujumbe kwamba imeshindikana. Simu nayo ilikuwa imeshajizimia hotspoti. Simu nyingi zisipoona aliyejiunga kwa dakika kadhaa hufanya hivyo. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Bando limekwisha muda wake, na kazi inaanza upya kutoka sifuri.

Shangazi akatoka jikoni na birika.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Nimekufungia lidude lako, lilikuwa linawaka peke yake. Umeme wote huo!"

"Ahsante shangazi."

Ningesema nini? Shikamoo ikishatangulia, ugomvi hauna pa kuanzia. Nikala mihogo yake kimya, na kimya hicho nikakivuta hadi Jumapili.

Nilichojifunza ni kwamba kuzima kioo si kulala, na kulala si kuzima. Kioo ukikizima, faili linaendelea kushuka kama kawaida. Laptopu ikilala, kazi inasimama na Wi-Fi inakatika. Kifuniko kimewekwa tangu kiwandani kwamba kikifungwa, mashine ilale. Ni lazima uingie mwenyewe kwenye mipangilio ya umeme useme kikifungwa isifanye lolote. Wenye Mac wana amri iitwayo caffeinate, imepewa jina kwa ile kafeini ya kahawa, inaikeshesha mashine, lakini ukifunga kifuniko hata kahawa haisaidii. Na zile picha za samaki wanaoogelea kwenye kioo kompyuta ikikaa bila kuguswa hazipunguzi umeme hata kidogo. Zilibuniwa enzi za vioo vizito vya kizamani, picha iliyoganda isije ikaacha alama.

Kingine kinachotuangusha sisi hasa: mipangilio ina safu mbili, ya umeme na ya betri. Watu hujaza ya umeme wakalala. Umeme ukikatika saa nane, laptopu inahamia kwenye sheria za betri, ambazo hukuzigusa, na baada ya dakika chache inalala. Asubuhi umeme umerudi, kila kitu kinawaka, unabaki kulaumu mtandao.

Na kuhusu "umeme wote huo", nimepiga hesabu. Laptopu yangu kioo kikiwa kimezimwa tuseme inakula wati 15. Kwa saa tano ni wati-saa 75. Uniti moja ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ni wati-saa 1,000, kwa hiyo inatosha usiku 13. Pasi ya wati 1,000 ikichemka mfululizo inaimaliza uniti hiyo kwa saa moja. Hili sijawahi kumwambia shangazi. Ni kweli, lakini si neno la kumwambia mtu aliyekulisha mihogo.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kumsema. Sasa nimefika hapa naona aibu kidogo. Kwanza, ile tarehe ya mwisho haikuwa ya mwisho. Wiki mbili baadaye rafiki alinipa faili lilelile kwenye flashi, nikaingiza namba za Windows 7 zilizo kwenye kibandiko chini ya laptopu, zikakubaliwa. Microsoft waliendelea kuzikubali namba hizo mpaka Septemba 2023. Nilinuna bure.

Pili, ile kanga. Kama usiku ule ningekuwa nimeweka hii sheria ninayoihubiri, kwamba kifuniko kikifungwa isifanye lolote, mashine ingebaki macho, imefungwa, inapumulia ndani ya kitambaa kwa zaidi ya saa mbili, nami nimelala hatua moja kutoka pale. Kulala kwake kuliniharibia faili, lakini huenda kuliniokolea laptopu.

Kwa hiyo, Mhariri, nabadilisha jibu. Kama unalala nyumba moja na watu, izime. Ila kama programu yako ya kushushia inaweza kuendelea ilipoishia, iache, hasara ni ndogo. Ila isikae juu ya godoro. Na ila kama una chumba chako na meza yako, hayo ni mambo yako.

Mimi usiku huu nina GB 6. Laptopu iko mezani sebuleni, kioo nimekizima, kifuniko kiko wazi, na nimeegesha karatasi: USIFUNGE, INASHUSHA. Mke wangu ameisoma, ameniuliza kama na feni niliyoiacha chumbani tangu asubuhi nayo inashusha kitu.