Maswali yenu kuhusu kazi za NGO, leo nimejibu manne

"Shikamoo dada. Nimemaliza Maendeleo ya Jamii, nimeomba kazi kwenye mashirika zaidi ya 30, kimya. Nikajitolee bure?" (Kijana, Singida)

Marahaba mdogo wangu. Jitolee, ila dai nauli na hela ya kula, na mkubaliane mwisho, miezi mitatu au sita, maana kuna shirika litakukalisha miaka miwili unatoa fotokopi. Alafu usikimbilie semina ambako kila mtu anataka kuonekana kwenye picha, kaa karibu na mhasibu. Mimi kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubandika risiti za marejesho ya masurufu (hela ya kazi unayopewa kabla, halafu unaonyesha ulivyoitumia), nikaidharau kweli, kumbe ndo iliyokuja kunipa cheo, sababu wakubwa waligundua mimi peke yangu najua kila hela ya mradi imepita wapi.

"Nataka kufungua shirika la wajane na wasichana waliopata mimba shuleni. Naanzia wapi?" (Mama, Kahama)

Dada yangu, usianzie kwa msajili wa NGO. Wajane na wasichana ni mambo mawili tofauti. Kama wajane shida yao ni mtaji basi hiyo sio NGO, hicho ni kikundi, mwone afisa maendeleo ya jamii wa kata muulizie mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu), haina riba, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Wasichana ndo kazi yenyewe. Serikali iliwaruhusu kurudi shuleni Novemba 2021, kwa hiyo ruhusa ipo, ila muulize mmoja mmoja nani atabaki na mtoto saa moja asubuhi, utashangaa majibu. Pengine unachohitaji ni chumba, mkeka na bibi wawili wanaoaminika, sio andiko la mradi la kurasa 40.

Ukishaona inaenda, sajili ngazi ya wilaya, huna haja ya kuanza na taifa. Cheti ni miaka 10 tangu sheria irekebishwe 2019, ila ripoti ya kila mwaka ni lazima, wengi wanaanguka hapo. Na bodi jamani, usijaze mume, shemeji na mchungaji wako.

"Mradi wetu wa UKIMWI ulisimama Januari 2025, sasa hivi nauza maandazi. Hii fani bado ipo?" (Baba wa watoto watatu, Iringa)

Pole sana kaka, na maandazi sio aibu. Trump alisaini tarehe 20 Januari misaada ya Marekani kwa nchi za nje isimame siku 90, kufika 1 Julai USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ikafungwa, na watu waliokuwa na miaka 15 kazini wakajikuta hawana hata notisi. Fani ipo, kilichokufa ni ile staili ya mfadhili mmoja kulipa kila kitu mpaka chai. Angalia SHOFCO, shirika la wakazi wa Kibera kule Nairobi, mwanzilishi wake Kennedy Odede alianza 2004 na mpira wa miguu tu, leo wana vibanda vya kuuza maji na SACCOS ya wakazi wenyewe. Wewe unajua kumfuatilia mgonjwa aliyeacha dawa bila kumwaibisha mtaani, ujuzi huo hospitali na halmashauri wanauhitaji. Nenda kwao hata kwa mkataba mfupi.

"Semina ilikuwa na watu 22, bosi anataka nijaze majina yafike 40. Nikikataa nafukuzwa." (Hataki kutajwa)

Usijaze. Leo hii hii mwandikie baruapepe ya heshima, "bosi naambatanisha mahudhurio, waliofika ni 22", basi, usimlaumu wala usimhubirie, ibaki maandishi. Nakwambia hivi kwa sababu mimi nilishawahi kujaza, majina sita tu, nikaweka na namba za ndugu zangu. Mkaguzi akapiga moja, akapokea mama mdogo, akamjibu kwa upole kabisa, "semina ipi tena mwanangu, mimi niko shamba tangu Jumatatu."